Siku Moffat Alipowashinda Wakwe

Watu wa Nyeri wakimtaja Moffat Ngatia siku hizi husema alizaliwa mdomo wake ukiwa tayari umefunguka. Wanamwita kwenye harambee, kwenye mazishi, kwenye ugomvi wa mipaka ya mashamba. Mwaka jana alichukuliwa mpaka Doldol kuwapatanisha wafugaji na wanunuzi wa mbuzi waliokuwa hawasalimiani. Akirudi kutoka safari kama hizo, watu hunijia dukani wakisema, "Mama Waridi, huyo jirani yako ana kipaji cha Mungu." Mimi humimina chai nikanyamaza, lakini rohoni nachemka kuliko birika. Kipaji gani? Mungu alimpa mdomo kama alivyotupa sisi sote. Kazi iliyobaki tuliifanya sisi, kila Alhamisi jioni, miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyetushukuru.

Nilipomjua, bendera ya uhuru ilikuwa haijamaliza miaka mitano. Mimi niliuza chai na mandazi pale Majengo, na yeye alikuwa fundi wa saa, kibanda chake kikiegemea ukuta wangu. Kutwa nzima alikuwa amebana kile kioo cheusi jichoni, ameinama, kimya. Mteja akiuliza kama saa yake iko tayari, Moffat alitikisa kichwa. Kama haikuwa tayari, aliinama chini ya meza kama aliyedondosha msumari, akakaa huko mpaka mteja achoke aende zake. Wapo waliodhani ni bubu. Mwanamke mmoja kutoka Mweiga alimletea saa mara tatu, na mara zote alizungumza naye kwa vidole.

Nyumbani kwake Kamakwa aliishi na mama yake na dada yake mdogo, Ngendo. Baba yao alifia kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka wa sitini na saba mama naye akafariki, na Moffat, kifungua mimba na mwanamume pekee wa nyumba, akaitwa mbele ya kaburi awashukuru watu waliokuja. Alisimama. Alifungua mdomo, akaufunga, akakaa. Shangazi mmoja akasema kwa niaba yake, na watu wakadhani ni uchungu. Ngendo, msichana wa miaka kumi na saba, hakudhani hivyo. Usiku wa matanga ulipokwisha alimwuliza, "Hata asante, muru wa maitu? Hata asante tu?" Muru wa maitu ni mwana wa mama yangu, ndivyo msichana wa Kikuyu anavyomwita ndugu anayempenda.

Moffat alinisimulia hayo mwenyewe, akikitazama kikombe. "Mama Waridi, hii maneno inanikula," alisema. "Mimi niko na mdomo ya nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa. Alhamisi iliyofuata nilimshika mkono wa koti nikampeleka chamani.

Chama chetu kilianzishwa na Mwalimu Hezekiah Nderitu, aliyefundisha watu wazima kusoma na kuandika katika darasa la ngumbaru. Mwalimu aliona kwamba wanafunzi wake wakishajua kusoma, bado wanakwenda kwenye mikutano ya ushirika na ya shule, wanakaa kama magunia ya viazi, na wanaume wawili wale wale wanaongea mpaka jua linazama. Akakasirika. Akaomba ukumbi, chama akakiita Chama cha Wasemaji, akatuwekea masharti. Kila mtu apewe mada, mpinzani wa kumjibu, na dakika tano. Akimaliza, mkosoaji asimame aseme lipi limekaa sawa na lipi limepinda. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na saa inayoaminika na sura isiyochekacheka, nilipewa kazi ya kushika muda. Nilikuwa na kengele ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye kipande cha mbao. Nikiipiga, msemaji akae. Asipokaa, mpinzani wake anaruhusiwa kusimama na kumwambia, "Muda wako umekwisha," na ukumbi wote unapiga makofi, na msemaji anafagia ukumbi. Tulifurahia sana jambo hilo. Ukumbi wetu ulikuwa safi kuliko hospitali.

Siku ya kwanza Moffat alipewa mada ya ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu, na ng'ombe wa kienyeji. Alisimama, akasema, "Ng'ombe." Kisha akabaki hapo hapo dakika tano nzima, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Nilipiga kengele kwa huruma. Mkosoaji siku hiyo alikuwa Ali, mwenye bucha, mtu asiyeweza kuacha mzaha hata akiwa msikitini. Ali alisimama akasema, "Neno lenyewe amelitamka vizuri sana. Hakulirudia. Hakuwachosha watu."

Tulicheka mpaka nikashika mbavu, na namshukuru Mungu kwamba Moffat naye alicheka. Angekimbia siku ile, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Alhamisi iliyofuata alirudi, akasema sentensi mbili. Mwalimu alimfundisha kusimama kwa miguu yote miwili badala ya kuyumba kama anayetafuta choo, kumtazama mtu wa benchi la nyuma, na kugawa maneno yake mafungu matatu ili asipotee njiani. Jumatano jioni alijizoeza nyumbani. Ngendo aliketi na ungo wake akichambua maharagwe, na Moffat alisimama mbele yake kama mbunge, akimweleza kama redio ina faida kuliko gazeti. Ngendo hakumkatiza hata mara moja. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa hasikii hata nusu, bali alipenda kusikia sauti ndani ya ile nyumba.

Baada ya mwaka alianza kuwajibu wateja. Baada ya miaka miwili aliwaambia watu wa kanisani kwake kwamba paa linavuja, jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema, na paa likatengenezwa, naye akachaguliwa katibu wa kamati. Mwanamke wa Mweiga alimsikia akiongea akaangusha mfuko. Kufika mwaka wa sabini na moja, chama chetu kilishindana na wasemaji wa Karatina, halafu wa Nanyuki, na Moffat akawamaliza wote. Tuzo ilikuwa birika la chai la bati. Alilitundika kibandani, juu ya saa zote.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na niseme kweli, sisi sote tulimharibu kwa makofi. Moffat alianza kujibu kila kitu kwa mafungu matatu. Ukimwuliza kama anataka chai, alisema kwanza, anataka. Pili, iwe na tangawizi. Tatu, ile ya jana ilipoa. Padri mmoja aliyempelekea saa alitoka amepewa hoja za kupinga mahubiri yake ya Jumapili. Alikuwa mtamu kumsikiliza na wa kuchosha kuishi naye, na mimi niliyekuwa nimemburuta kwa mkono wa koti nilikuwa sasa natamani siku moja tu ainame chini ya meza.

Mwaka wa sabini na mbili Ngendo akapata mchumba. Aliitwa Wamae, kijana wa Wamagana aliyefanya kazi ya kuchanja mifugo ya watu huko Tetu, mpole, mwenye viatu vilivyojaa matope na adabu nyingi. Ngendo alimpenda waziwazi. Jumapili zote Ngendo alikuwa anakwenda Wamagana kuwasalimu wazazi wa kijana. Nilimwuliza Moffat anamwonaje. "Kijana mzuri," alisema, akaendelea kuisugua saa ambayo nilikuwa nimemwona akiisugua tangu asubuhi.

Watu wa Wamae wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi. Niwaeleze wasiojua jinsi Wakikuyu wanavyoposa. Wageni hawaji wakasema tumekuja kuoa. Msemaji wao husimama akasimulia kwamba walikuwa wanapita tu, wamepotelewa na mwanakondoo, au wamemwona mwanakondoo mzuri ameingia boma hili, nao wamekuja kuuliza. Msemaji wa wenyeji naye hujifanya hajui. Huuliza ni wa rangi gani, mbona wapo wengi. Watu hucheka, maneno yanazunguka polepole, mpaka mwisho binti anaitwa. Kibuyu cha wageni kinaletwa, cha pombe ya asali au cha uji kwa watu wa kanisa, na binti anaulizwa mbele ya wote, "Je, tunywe?" Akisema tunywe, akaonja, jambo limekubalika. Asipoitwa, hakuna posa.

Kazi ya kusema ilikuwa ya baba yao mdogo, mzee Wahome, aliyeifanya katika nusu ya nyumba za Kamakwa. Moffat akakataa. Alisema, kwanza, yeye ndiye aliyebaki mahali pa baba. Pili, yeye ni msemaji wa birika. Tatu, Wahome anasahau majina. Mzee Wahome akamtazama, akasema sawa, akakaa kwenye kiti cha pembeni.

Nilialikwa kwa sababu ya ujirani. Walizungumza Kikuyu, nami nimezaliwa Nyeri, Kikuyu nakisikia chote; hapa nawaandikia kwa lugha yangu. Wageni waliingia kama saa nne asubuhi, kina mama na vibuyu vyao vya uji mgongoni, na mbele yao baba yake Wamae, mzee Muriithi, mtu mrefu wa miaka sabini mwenye koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Ngendo alikuwa jikoni nyuma ya mlango, amevaa gauni jipya la rangi ya samli, akingoja kuitwa. Niliuona ukingo wa gauni chini ya mlango.

Mzee Muriithi alisimama, akaegemea fimbo. Alianza polepole, akitua baada ya kila maneno matatu. "Sisi tulikuwa tunapita," alisema. "Kijana wetu alikuwa anachunga. Akaona mwanakondoo wa kike. Ameingia hapa. Tukasema tuje. Tuulize." Akakohoa, akatafuta neno lingine.

Moffat akasimama, akafunga kifungo cha koti. Mimi nilimjua. Alipofunga kifungo kile Nanyuki, watu wa Nanyuki walikuwa wamekwisha.

"Ndugu mpinzani," alisema, "ametoa madai matatu."



"Kwanza, anasema kijana wake alikuwa anachunga. Kijana wake ameajiriwa na serikali kuchanja ng'ombe, Jumatatu mpaka Jumamosi. Sasa alikuwa anachunga saa ngapi? Ama anaiibia serikali muda, ama hakuwa anachunga. Pili, mwanakondoo aliyepotea hutolewa habari kwa chifu. Je, mzee alitoa habari? Yuko wapi shahidi? Tatu, mtu anayeingia boma la mwenzake akasema nimemwona mwanakondoo wangu humu, anasema wenye boma ni wezi. Je, mzee ametuita wezi?"

Vijana wa kwetu walipasuka kwa kicheko wakapiga makofi. Makofi! Laiti wangekuwa karibu ningewachapa. Mzee Muriithi alifungua mdomo. "Mwanangu," alisema, "sisi tulikuwa..." Akatafuta neno, hakulipata, akaanza tena. "Sisi tulikuwa tunasema kwamba..."

Moffat akanyoosha mkono, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Muda wako umekwisha, mzee."

Hakuna aliyepiga makofi. Kumwambia hivyo mtu wa miaka sabini, aliyekuja kukuomba binti! Nami hapo kwenye benchi nilitamani ardhi inimeze, maana maneno yale alikuwa ameyapata kwangu na kengele yangu. Mzee Muriithi akachukua kofia, akawaambia kina mama, "Bebeni vibuyu. Tumekosea boma." Wakatoka mmoja mmoja, bila kelele, na Wamae nyuma yao, ameinamisha kichwa.

Ngendo alitoka jikoni aliposikia kimya. Akatazama viti vitupu. "Wameenda wapi?"

"Nimewashinda," Moffat alisema. Alikuwa bado anahema kwa furaha, masikini.

Mzee Wahome, kwenye kiti chake cha pembeni, ndiye aliyejibu. "Umewashinda, ndiyo. Kwa hivyo dada yako atakaa hapa, na ushindi wako."

Ngendo hakulia mbele yetu. Alirudi jikoni akavua gauni, akavaa la kila siku, akatuletea chakula tulichokuwa tumewapikia wageni, irio za viazi na mahindi. Sijawahi kula irio chungu kama zile.

Wiki tatu hakusema na ndugu yake. Alipika, akaweka sahani, akaondoka. Moffat alimjaribu kwa mafungu matatu, kwa mafungu manne, kwa kuomba radhi, kwa kumnunulia kitambaa. Ngendo akamjibu mara moja tu, na hata hakumwita mwana wa mama. Alisema, "Moffat, ongea na redio." Wamae naye alikuwa ameambiwa na baba yake atafute msichana mahali pengine, naye hakutafuta, lakini hakuweza kumvuka baba yake.

Alhamisi ya nne Moffat alikuja chamani amekonda. Alisimama akatuambia yote, bila kujipamba, akamwomba Mwalimu Hezekiah amkosoe. Mwalimu alifungua daftari la chama, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa.

Hapa inabidi niwaeleze kazi moja ya chama ambayo sijaitaja, kwa kuwa hakuna aliyeipenda. Ilikuwa kazi ya mrudishaji. Kila Alhamisi mtu mmoja alitakiwa kusimama baada ya msemaji na kuyarudisha maneno yake yote, bila kuongeza na bila kupunguza, mpaka msemaji mwenyewe akubali akisema, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Hakukuwa na makofi kwa mrudishaji. Hakukuwa na birika.

"Moffat," Mwalimu alisema, "umesema hapa mara sabini na mbili. Unajua umerudisha mara ngapi?"

Moffat alijua. Kila zamu yake ilipofika alikuwa na saa ya mtu ya kumalizia.

"Basi leo ni zamu yako," Mwalimu akasema. "Na Alhamisi ijayo. Na ile nyingine."

Wakampa Ali, mwenye bucha, azungumze juu ya kichwa cha mbuzi na jinsi ya kukichoma. Ali alisema dakika tano. Moffat alisimama kurudisha, na neno la tatu tu likawa la kwake. "Sijasema hivyo," Ali akasema. Akaanza tena. "Sijasema hivyo, fundi." Akaanza tena, akaongeza hoja ya kupinga. Tulimrudisha mara kumi na moja. Vijana walicheka, naye aliuma midomo, macho yamemwiva. Mimi sikupiga kengele. Mara ya kumi na mbili aliacha kutafuta kosa la Ali, akaanza kumtazama Ali mwenyewe, na hapo nilimwona kwa macho yangu akitulia. Ali aliposema, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema," hata yeye alishangaa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini isiyo ya mzaha, kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikiliza habari ya vichwa vya mbuzi mpaka mwisho, mke wake akiwemo.

Baada ya Alhamisi ya tatu Moffat alinijia dukani. "Mama Waridi, nataka kuenda Wamagana kwa mzee. Twende na wewe. Ukiona nimekata maneno yake, nipige na kiatu."

Haikuwa desturi. Upande wa binti hauendi kwa wakwe kubembeleza. Ni aibu inayosemwa miaka. Mzee Wahome alipoambiwa alishika kichwa. Lakini tulikwenda Jumamosi, mimi na kiatu changu, tukapanda kile kilima cha majani chai mpaka nyumbani kwa mzee Muriithi. Mke wake alitupa viti, akatupa chai, hakutupa tabasamu. Miguu ilimwuma, alitembea akishika ukuta. Tulingoja muda mrefu. Mzee alikuwa zizini na hakuwa na haraka ya kutoka.

Alipoingia alisimama mlangoni. "Umekuja kumaliza hotuba yako?"

"Hapana, baba," Moffat alisema. "Nimekuja kurudisha yako. Nikikosea, unisahihishe." Akasimama, mikono nyuma, akaanza. "Ulisema mlikuwa mnapita. Ulisema kijana wenu alikuwa anachunga, akaona mwanakondoo wa kike, ameingia kwetu. Ulisema mkaona mje, muulize. Kisha ukataka kusema jambo lingine, nami nikakuzuia. Silijui. Nimekuja kulisikia."

Mzee alikaa. Mimi nilishika kiatu, nikimwangalia Moffat, naye hakusogeza hata ulimi.

"Mimi si msemaji," mzee alisema mwishowe. "Msemaji wetu alikuwa kaka yangu, naye alikufa mwezi wa tatu. Niliposikia ni mimi nitasema, sikulala. Nilijizoeza mwezi mzima. Unajua nilijizoeza na nani? Na ng'ombe. Nilisimama pale zizini nikiwaambia habari ya mwanakondoo. Ng'ombe hawamkatizi mtu." Akavuta pumzi. "Jambo nililotaka kusema ni kwamba mama ya Wamae hawezi kutoka nje sana. Dada yako alikuwa anakuja Jumapili, anakaa naye, wanaongea. Nyumba ikawa na sauti. Nilitaka kuwaambia kwamba hatumtaki kwa ajili ya kazi. Hilo tu. Nilikuwa nimelihifadhi la mwisho."

Nilimtazama Moffat. Mtu aliyekuwa akijificha chini ya meza kwa kuogopa watu alikuwa amemnyamazisha mtu mwingine wa namna ile ile, mbele za watu, na akafurahi. Aliyarudisha maneno yale, yote, ya ng'ombe na ya mama na ya Jumapili. Mke wa mzee alikuwa amesimama kando ya ukuta, kanga mdomoni.

"Ndiyo," mzee alisema. "Hivyo ndivyo nilivyosema. Sasa na wewe uniambie. Zile hoja zako tatu nilizisikia. Lakini wewe mwenyewe ulikuwa unataka nini?"

Moffat alifungua mdomo. Niliona akitafuta fungu la kwanza, na fungu la kwanza halikuwepo.

"Nilikuwa sitaki aende," alisema. "Hakuna mtu mwingine kwangu."

Nililia, sina haya kusema. Mzee Muriithi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Hayo ungeyasema siku ile," akasema. "Hayo tungeyaelewa. Mimi nimetoa mabinti wawili, na kila mara nilimaliza wiki mbili bila kula vizuri. Tutakuja tena. Lakini utayasema tena kwenu, huyo msichana mwenyewe akiwepo. Maana naona umeniambia mimi, na yeye hajaambiwa."

Walikuja baada ya majuma mawili. Mzee Wahome alirudishiwa kazi yake, akasahau majina mawili, hakuna aliyejali. Mzee Muriithi alisema habari ya mwanakondoo tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa dakika arobaini, nilizihesabu kwa mazoea tu, na boma zima likamngojea kila alipotafuta neno. Kisha Ngendo akaitwa. Alitoka na lile gauni la rangi ya samli, akapewa kikombe cha kibuyu kilichojaa uji, akaulizwa, "Je, tunywe?"

Kwanza Ngendo alimgeukia ndugu yake, akamtazama usoni mara ya kwanza tangu siku ile ya viti vitupu.

Moffat alisimama. Hakufunga kifungo. "Ngendo," alisema, "mimi nilikuwa sitaki uende. Nilikuwa naogopa nyumba tupu. Makosa ilikuwa yangu, haikuwa ya hawa watu. Sasa nakwambia wakiwa hapa wote: nenda, na ukija Jumapili, njoo."

Akabaki amesimama, hajui aketi au asiketi.

"Tunyweni," Ngendo alisema. Alikunywa kidogo, akavuka uwanja, akampelekea ndugu yake. Moffat alikuwa bado ameweka mikono nyuma, kwa hivyo Ngendo akamshikia kikombe yeye mwenyewe mpaka akanywa.